Lipu ya Saruji Juu ya Tembe

Hatuna ugomvi na saruji. Twagombana na lipu yake ipakwayo juu ya ukuta wa udongo, kisha kazi hiyo ikaitwa kuhifadhi utamaduni.

Tembe la Wagogo ni mfano ufaao. Paa lake ni bapa: boriti, fito, majani, na udongo ulioshindiliwa juu. Uzito huo wabebwa na nguzo, wala si ukuta. Ukuta ni fito zilizokandikwa udongo. Nyumba hiyo yafaa Dodoma, ambako mvua hunyesha miezi michache, takriban Desemba hadi Aprili. Kijiji cha Makumbusho, Dar es Salaam, kinaonyesha tembe pia. Lakini pwani mvua ya mwaka ni karibu maradufu ya ile ya Dodoma. Mwalimu apelekaye wanafunzi huko na awaambie hilo, wasije wakadhani mjenzi wa Kigogo hakujua kazi.

Ukuta wa udongo hunywa maji yapandayo kutoka ardhini na yale ya mvua, kisha huyatoa kwa jua na upepo. Ukiuvika saruji umeuziba. Lipu hiyo ni ngumu kuliko mwili ilioufunika. Ukuta ukivimba na kunywea, yenyewe haifuati, hupasuka. Maji huingia katika nyufa, yasipate pa kutokea. Nje nyumba yang'aa. Ndani udongo umekuwa uji na fito zaoza. (Mashairi ya namna hiyo tumeyasoma mengi: vina vimetimia, kiini hakuna.)

Matengenezo ya kweli huanza chini. Uchimbwe mchirizi wa kuondoa maji, na udongo uliolundikana penye tako la ukuta uzolewe. Paa likaguliwe. Kisha saruji ibanduliwe polepole, ukuta uachwe ukauke barabara, hata ikiwa ni kwa majuma mengi. Hapa ndipo wengi wakosapo subira. Nguzo zilizooza miguuni zibadilishwe moja moja, paa likiwa limetegemezwa. Ndipo ukuta unyunyiziwe maji kidogo, ukandikwe udongo wa aina ile ile, tabaka nyembamba.

Operesheni Dodoma ya mwaka 1971 ilipowakusanya watu vijijini, tofali na bati vilipewa heshima, tembe likahesabiwa dalili ya unyonge. Vijana wengi wakakosa kujifunza kukandika. Leo fundi akiitwa kutengeneza ukuta wa udongo huja na mfuko wa saruji, maana ndio aliofundishwa kuutumia.