Wajumbe sita wa Kusadikika, na mara moja yangu

Shuleni tulifundishwa kwamba Kusadikika, kitabu cha Shaaban Robert cha mwaka 1951, kinahusu haki na sheria. Sawa, hayo yamo. Ila mimi ni mwandishi wa habari, na safari hii nimekisoma kama kitabu kuhusu taarifa: nani anailipia akiileta.

Karama yuko kizimbani kwa kutaka kufundisha uanasheria. Anajitetea kwa kusimulia habari za wajumbe sita waliotumwa pande sita. Kila mmoja alirudi na jambo la kuifaa nchi, na kila mmoja akaishia gerezani. Hebu fikiria, mtu anatumwa, halafu anafungwa kwa kuleta alichotumwa!

Mwaka 1948 Mmarekani Claude Shannon alichapisha nadharia ya mawasiliano. Kwake, ujumbe unaokwambia unachokijua tayari hauna taarifa ndani yake. Kadiri usivyoutarajia ndivyo unavyobeba zaidi. Wakubwa wa Kusadikika wangemwelewa haraka. Wanachokiogopa ni hicho hicho, kusikia jambo wasilolitarajia. Jina la nchi linatosha: huko watu wanasadiki, hawaulizi.

Kasoro ya kitabu ni kwamba wajumbe wanafanana mno. Ukifika kwa wa tatu, mwisho wa wa nne unaujua. Kwa kipimo cha Shannon, sura za mbele zinabeba kidogo. Miaka yote nimekilaumu kitabu kwa hilo.

Siku hizi nasita. Shannon huyo huyo alionyesha kuwa penye kelele nyingi, kurudia ndiko kunakouokoa ujumbe. Na baraza analohutubia Karama lina kelele za Majivuno, mshitaki wake. Mjumbe mmoja aliyefungwa tungesema ni bahati mbaya. Sita si bahati mbaya, ni utaratibu wa nchi.

Nasema hivi kwa sababu niliwahi kuandika habari ya zahanati iliyoishiwa dawa. Mhariri akaondoa takwimu, akaacha picha ya ufunguzi wa jengo. Nililalamika mara moja, nikanyamaza. Mshahara nao ulikuwa karibu. Wagonjwa waliosoma gazeti letu walipanga foleni wakidhani dawa zipo.

Karama alisema mara sita, na mwishowe akasikilizwa. Mimi nilisema mara moja tu.