Oili Chini ya Mwembe

Gari la mbio likisimama linachekesha kidogo, na kwa hapa Kitete, Tabora, linachekesha zaidi. Ndugu yake na Subaru Impreza yangu ndiye aliyempa Colin McRae ushindi wa Safari Rally kule Kenya mwaka 1997. Yangu ilishuka bandarini kutoka Japani ikiwa mtu mzima tayari, na mpaka leo haijamshinda mtu zaidi ya bajaji mbili tatu. Lakini kila ikimaliza kilomita 5,000, majirani wanaiona Jumamosi asubuhi imepanda juu ya mbao mbili chini ya mwembe, pua juu, na miguu yangu imetokeza kwa mbele. Watoto huuliza kama nimekufa. Nawajibu, bado.

Mbao zenyewe ni za mninga, kazi ya seremala wa mtaani, zimechongwa mteremko ili tairi zipande taratibu. Jeki ninayo, lakini jeki ni ya kuinulia tu. Asilale mtu chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake, hata kama ni kwa dakika moja ya kuokota nati.

Sikuanza kazi hii kwa kupenda ufundi. Nilianza kwa hasira. Gereji moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilinimwagia oili kisha ikakaza nati ya sampu kwa nguvu za kufungia tairi la lori. Gari likaanza kudondosha tone moja moja usiku, na nilipokuja kuifungua, meno yakatoka pamoja na nati. Nilinunua sampu nyingine, na bei yake ikanifundisha kutumia spana namba 17. Mafundi wetu ni hodari, sisemi vinginevyo. Ila fundi mwenye magari sita uani hawezi kulisikiliza lako kama unavyolisikiliza mwenyewe.

Na injini ya Subaru inafaa kusikilizwa. Haikusimama kama za wenzake, imelala. Pistoni zake nne zinarushiana ngumi, mbili kushoto na mbili kulia, ndiyo maana ikaitwa boksa. Ule mgurumo wake wa kukatakata, unaoutambua gari likiwa bado ng'ambo ya reli, unatokana na mabomba ya moshi yasiyolingana urefu. Kisha kuna tabo: feni ndogo inayozungushwa na moshi ili isukumie injini hewa. Mhimili wake unaweza kuzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika, na muda wote huo unaelea juu ya utando wa oili, oili hii hii inayozunguka kwenye injini. Utando huo ukikatika, chuma kinakutana na chuma. Mwenye gari la kawaida akichelewesha oili anaweza kusamehewa kwa muda. Mwenye tabo hana msamaha huo.

Kwa hiyo nawasha injini dakika chache, oili ipate moto na kulegea, nazima, naweka karai, nafungua. Hapo ndipo penye utamu wa kazi yote, na wengi wanaharibu hapo hapo kwa haraka. Oili inatoka kwanza kama mkanda mpana, mweusi, wenye joto, inakuwa uzi, kisha matone. Matone hayo ya mwisho nayo ni oili chafu, nami huyaachia dakika ishirini nzima.

Nikiwa nimelala pale nikiyahesabu, huwa nafikiria jinsi mji huu ulivyokuwa wa watu wanaosubiri. Wasafiri Burton na Speke walifika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, baada ya safari ya zaidi ya miezi minne kutoka pwani, na wakalazimika kukaa zaidi ya mwezi, maana wapagazi waliokuja nao walikuwa wamefika mwisho wa mkataba wao. Mwaka 1872 Livingstone alibaki Kwihara, kilomita chache tu kutoka hapa. Stanley, aliyekuwa naye, aliondoka Machi kurudi pwani, na Livingstone akangoja hadi Agosti walipofika watu 57 ambao Stanley alimtumia kutoka huko. Njia yote ile ya misafara ya Ujiji, pamoja na umaarufu wake, ilipitia kwenye kusimama huku. Ukiondoka hapa na kamba iliyolegea, njia itakujua.

Jirani yangu, mzee aliyestaafu reli, huja na kigoda chake akisikia tu mlio wa spana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Imeshachuruzika?"

Huchovya kidole, akaisugua oili kati ya kidole gumba na cha shahada, akainusa, akakigeuza kidole kwenye jua. Mara ya kwanza nilimwambia kwa aibu kwamba imekuwa nyeusi sana. Akanitazama kwa huruma. "Nyeusi siyo ugonjwa. Nyeusi ni kazi. Wewe ogopa inayong'aa." Alimaanisha vumbi la chuma la beringi zinazolika. Ikija na rangi ya chai ya maziwa, hapo maji yameingia, na Jumamosi yako imekwisha. Hakuna kikaratasi cha gereji kilichowahi kuniambia nusu ya hayo.

Filta inafuata. Kwenye gari hili imening'inia chini, katikati ya mabomba ya moshi. Alama iliyo kwenye kifundo cha mkono wangu ilitoka huko. Angalia kama mpira wa filta ya zamani umetoka nayo, maana ukibaki juu na ukafunga mpya, mipira miwili haishikani na oili yote itamwagika barabarani. Filta mpya naijaza oili kidogo, napaka mpira wake kwa kidole, naikaza kwa mkono tu. Nati ya sampu inapata wosha mpya na nguvu ya kiasi. Halafu lita nne na kitu, nikipima kwa kijiti, mpaka ifike karibu na alama ya juu bila kuivuka.

Oili chafu simwagi chini, kwa sababu jirani wa pili anachota maji kisimani. Inarudi kwenye galoni lake. Nusu huchukuliwa na seremala wa zile mbao, apake nguzo zisiliwe na mchwa.

Nikiwasha, taa nyekundu ya oili inakaa sekunde moja au mbili, inazimika. Mzee husubiri izimike ndipo abebe kigoda chake. Leo dashibodi imesoma 148,212. Nimeiandika kwa chaki nyuma ya mlango wa stoo, chini ya namba nyingine kumi na moja.