Kuikagua Ducati 916 Iliyotumika

Mnunuzi wa pikipiki ya mbio iliyotumika aghalabu huanza kwa kusoma mita ya kilomita, ilhali katika Ducati 916, iliyosanifiwa na Massimo Tamburini na kuingia sokoni mwaka 1994, mita hiyo haielezi mengi kuhusu hali ya injini. Injini hiyo ya silinda 2, zilizopangwa kwa pembe ya digrii 90, hutumia mfumo wa desmo, yaani utaratibu ambao vali, milango midogo ya kuingizia hewa na petroli na kutolea moshi, haifungwi na springi kama ilivyo katika injini nyingi, bali hufunguliwa na roka (mkono mdogo wa chuma) moja na kufungwa na nyingine, kila roka ikisukumwa na tuta lake kwenye kemshafti, yaani mhimili unaozunguka. Mfumo huo, ulioingizwa Ducati na mhandisi Fabio Taglioni katika miaka ya 1950, ulikusudiwa kuzuia vali kuchelewa kufunga pale injini inapozunguka kwa kasi kubwa. Lakini kwa kuwa 916 ina vali 8, na kila vali ina nafasi 2 za kupimwa kati yake na roka, fundi hulazimika kupima nafasi 16, kazi ndefu na ya gharama ambayo si wamiliki wote huifanya kwa wakati.

Kemshafti huzungushwa na mikanda 2 ya mpira, na hapa ndipo penye hatari kubwa zaidi, kwa sababu mpira huzeeka hata pikipiki ikiwa imeegeshwa tu, na mkanda ukikatika, vali iliyobaki wazi hugongwa na pistoni. Kwa hiyo 916 yenye kilomita chache iliyolala gereji miaka mingi yafaa kutiliwa shaka zaidi kuliko ile iliyokimbia sana huku ikibadilishiwa mikanda kila baada ya miaka 2 hivi. Ni vyema pia vifuniko vya vali vifunguliwe na roka zitazamwe, kwani tabaka la kromiamu linalozikinga hubanduka katika baadhi ya injini za kizazi hicho. Mlio wa kugongagonga wa klachi kavu, yaani isiyozama katika oili, ni wa kawaida na usimtishe mtu. Kubonyea kwa vizuizi vya usukani, shingoni mwa fremu, ndiko kunakoashiria ajali.

Muuzaji asipokuwa na daftari la matengenezo, ni haki mnunuzi apunguze katika bei gharama ya mikanda mipya na ya kupima nafasi zote 16, na pikipiki isafirishwe kwa gari hadi kazi hiyo ikamilike.