Shailoki: Jina la Mtu Linapogeuzwa Nomino ya Kawaida

Bondeni, kama katika mitaa mingine ya Kisiwa cha Mombasa, mtu akopeshaye fedha bila leseni, kwa riba kubwa, huku akishika kitambulisho cha mdaiwa, huitwa shailoki. Kisarufi, jina hili la pekee limekwisha kuwa nomino ya kawaida, nalo huchukua kiambishi cha wingi: mashailoki. Suala ni kama matumizi hayo ni matusi, ilhali wengi wayatumiao hawamkusudii Myahudi yeyote.

Si kila jina lililogeuzwa hivyo huudhi. Abunuwasi alikuwa mshairi wa Baghdad. Leo jina lake humtaja mjanja yeyote, wala halimtii mtu doa la nasaba. Shylock ni kisa kingine. Shakespeare alimwumba baina ya 1596 na 1598, katika Uingereza iliyokuwa imewafukuza Wayahudi tangu 1290. Ingawa desturi yake ni kutoza riba, katika mkataba wake na Antonio hadai riba yoyote, bali ratili ya nyama. Hata hivyo jina lake ndilo lililobaki kuwa alama ya riba, kwa kuwa Ulaya ilikwisha kuamini kwamba riba ni tabia ya Wayahudi.

Yawezekana kujibiwa kwamba asiyejua asili ya neno hatukani. Historia ya Pwani yenyewe inapinga hoja hiyo. Majina kama Mabruki na Feruzi yana maana njema, lakini mara nyingi yalipewa watumwa. Utumwa ulifutwa kisheria katika Pwani ya Kenya mwaka 1907. Jina liliweza kuendelea kumfichua mtu asili yake. Aliyelitamka huenda hakuwa na chuki, lakini aliyeitwa alisikia zaidi ya jina.

Julius Nyerere alipoutafsiri mchezo huo aliuita Mabepari wa Venisi (1969). Neno mabepari huelekeza lawama kwenye tabaka na kazi, na Wakristo wa Venisi nao wamo. Kiswahili kina pia mla riba, neno ambalo kila msikilizaji wa Bondeni analielewa, na ambalo kwa Mwislamu lina uzito wa dhambi. Mkopeshaji aitwapo hivyo hapunguziwi lawama. Huibeba mwenyewe, bila kumtwisha mtu wa kabila jingine.