Omu 16 Zilizoizima Solo

Swichi ya omu nyuma ya ampu haikupaswa kuwekwa 16. Nyote mliokuwa ukumbini Jumamosi mliisikia solo ikipwaya tangu wimbo wa pili, na kufika wa nne ampu ikanyamaza. Wengi mnalaumu valvu. Valvu hazina kosa. Aliyekosea ni fundi mitambo.

Ngoma, besi na maikrofoni alizipanga vizuri. Kisha akaongeza boksi la pili la spika. Kila boksi ni la omu 8, na yote mawili yakachomekwa sambamba kwenye ampu ya wati 100 yenye valvu nne za EL34. Akajumlisha: nane na nane, kumi na sita. Akazungusha swichi ya nyuma hadi 16. Hesabu hiyo ni ya spika zilizofungwa mfululizo. Sambamba, 8 na 8 ni 4.

Ifuateni hesabu hadi kwenye valvu zenyewe. EL34 nne kwenye ampu ya aina hii hutaka mzigo wa takriban omu 1,700, anodi hadi anodi. Swichi ikiwa 16, transfoma huuzidisha mzigo wa spika kwa kama 106. Ipe omu 4, valvu zinaona 425 tu, robo ya haki yao. Mkondo unapanda, nguvu inayofika spikani inashuka, na inayobaki inageuka joto ndani ya valvu. Ndiyo maana solo ilipwaya, na anodi zikaiva nyekundu kabla fyuzi haijakatika.

Najua mtasema ampu huvumilia. Huvumilia tofauti ya mara mbili. Hii ilikuwa mara nne. Na kosa jingine la kuepuka: waya wa gitaa si waya wa spika. Ukiutumia kwenye spika ukakatika, valvu zinabaki bila mzigo, volti zinaruka na kutoboa insulesheni ya transfoma.

Mtengenezaji wa ampu Leo Fender hakuacha mwanya wa kukosea omu. Kwenye ampu yake ya Bassman 5F6-A ya mwishoni mwa miaka ya 1950, spika nne za omu 8 zilifungwa sambamba, zikawa omu 2, na transfoma ikasukwa kwa omu 2 hizo hizo. Hapakuwa na swichi ya kukosea.

Fundi, kabla ya kuwasha, soma omu nyuma ya kila boksi. Yakiwa sawa na yamefungwa sambamba, gawanya omu za boksi moja kwa idadi ya maboksi, ndipo uguse swichi.