Majivuno Ndiye Jirani Yetu
Wasomaji wengi wa Kusadikika, riwaya ya Shaaban Robert ya 1951, humsifu Karama. Mimi namtaka Majivuno. Karama anajitetea barazani kwa habari za wajumbe sita waliofungwa kwa kuleta mawazo mapya, mwishowe mfalme anaelewa. Safi, lakini jamani, nani kabadilishwa siasa kirahisi hivyo? Majivuno ndiye mtu wa kweli: kwanza analinda cheo, sheria anaitafuta baadaye.

Mwaka 1991 Tume ya Jaji Nyalali ilipouliza, kama asilimia 77 ya waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Waulize wazee mtaani kwetu leo. Aliyetaka kimoja atakwambia amani. Aliyetaka vingi, naye amani! Neno lilelile. Ila mmoja alisomeshwa bure, mwenzake alihamishwa kwa nguvu kwenda kijiji cha ujamaa. Hapo ndipo imani ilipozaliwa. Amani imekuja kuivisha nguo.

Kwa hiyo ndugu waandishi wenzangu, mhusika wa siasa tusimwanzishie hotuba. Tumpe kwanza ukoo, njaa na woga wake. Hotuba ataitafuta mwenyewe.