Katika Sifa ya Kutazama Utosi

Mwanamke wa Mnyuzi aonaye upara ukimwingilia utosini aghalabu huificha siri hiyo chini ya mtandio miaka na miaka, akijaribu kila mafuta yanayosifiwa gulioni Korogwe, kabla hajathubutu kumfunulia kichwa mtu asiye msusi wake. Na akithubutu, yamkini safari itamfikisha Moshi, hospitali ya KCMC, ambako tangu mwaka 1992 kipo kituo cha kuwafundisha matabibu wa Afrika maradhi ya ngozi.

Huko hatakutana na kisu. Tabibu mstahiki huanza kwa kuuliza: mama amejifungua lini, homa kali ilimshika miezi miwili mitatu iliyopita, misuko humuuma usiku wa kwanza? Kisha huzigawa nywele kwa chanuo, mstari kwa mstari, akaziinamia na lenzi yenye taa ikuzayo mara 10. Unywele uliokatika, mnene nchani na mwembamba shinani, humwambia jambo moja. Uliojisokota humwambia mapunye. Na vinywele vifupi vilivyosalia ukingoni mwa paji, nyuma yake pakiwa patupu, hushuhudia rasta zilizokazwa kupita kadiri.

Lakini ustadi wenyewe hasa umo katika vitone. Ngozi nyeusi yenye afya, chini ya lenzi, huonyesha vitone vyeupe vidogo mno vilivyopangika kwa nafasi sawasawa, navyo ni midomo ya jasho na ya nywele. Vitone vikipungua na kutawanyika ovyo, na shina la unywele likizungukwa na weupe wa kijivujivu, basi kovu limekwisha kuanza utosini, nalo hutambaa kuelekea pembeni. Elimu hii, iliyopewa jina la trikoskopi mwaka 2006, mengi yake ya awali ilijifunza kwenye ngozi nyeupe na nywele zilizonyooka, ambako vitone hivyo havionekani hivi. Ikalazimu kuisoma upya vichwani mwetu. Na wale wepesi wa kumlaumu msusi kwa kila kovu wajue kwamba mwaka 2019 ilibainika baadhi ya wanawake wenye kovu hilo la utosini wana kasoro ya kurithi katika jeni liitwalo PADI3.

“Hapa katikati, mama, hapataota tena,” husema tabibu mkweli, “bali huku pembeni matundu yangali wazi, tupakinge.” Na shaka ikimbakia, hata ikabidi kukata kipande cha ngozi kwa uchunguzi, lenzi ileile ndiyo humwonyesha pa kukata.